SOMO: Kuisoma makala ya kisayansi hadi kuisimamia mbele za watu

Wakuu, naandika hili mara moja tu. Nimechoka kuulizwa "makala moja inanila siku tatu, nifanyeje?"

1. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni). Haikuhusu? Achana nayo.

2. Ruka utangulizi, nenda kwenye grafu. Andika sentensi moja kwa kila grafu kabla hujasoma waandishi wanavyodai. Mkitofautiana, hapo ndipo pa kukaa.

3. Mbinu, kisha mjadala.

4. Marejeo yaingie Zotero, programu ya kutunza marejeo, siku hiyohiyo. Ni bure.

5. Ukiandika, anza na mbinu na matokeo. Ikisiri mwisho.

6. Kuwasilisha. Hapa niliumbuka. Mwaka wa pili niliweka grafu yenye vile vijistari juu ya nguzo, vifupi, vinapendeza. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza: "Hivyo ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu?" Nikabaki natazama ukuta. Programu ndiyo iliyochora, mimi nilibonyeza tu. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha data zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Kosa sanifu ni mkengeuko sanifu kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Mimi nilikuwa na sampuli 9, kwa hiyo vijistari vilibaki thuluthi ya mkengeuko. ONYO: andika chini ya grafu ni kipi, na sampuli ngapi. ONYO tena: grafu usiyoweza kuichora ubaoni kwa mkono, usiionyeshe.

MASWALI

— Mkuu, naanza na utangulizi?
Hatua ya 2. Soma.

— Una PDF ya somo hili?
Lipo mbele yako.

— Nimejaribu hatua ya 2, grafu sijaielewa. Ni mimi au ni grafu?
Swali zuri hili. Anza na mihimili: vipimo gani? Wima unaanzia sifuri? Ni logi? Kwenye logi ya kumi, kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kitofauti kidogo machoni kinaweza kuwa kikubwa mno. Kisha maelezo ya chini yake. Ukikwama bado, mwonyeshe mwenzako. Akikwama naye, lawama ni ya mchoraji.

— Kwa hiyo nitumie kosa sanifu, vijistari viwe vifupi?
Ndugu yangu, nimesimulia aibu, wewe umeona urembo! Unaonyesha data zilivyotawanyika? Mkengeuko. Unaonyesha wastani wako una uhakika kiasi gani? Kosa sanifu.

— Nyongeza: wekeni namba kwenye slaidi, mtu aweze kusema "rudi ya 7".
Naichukua hiyo.

— Na mkono ukitetemeka na kile kitochi cha leza?
Kiache mezani. Chora mshale kwenye slaidi yenyewe.