Kesi ya unajisi Kenya: thibitisha umri mapema

Katika kesi ya kumnajisi mtoto, miaka ya jela hufuata umri aliokuwa nao siku ya tukio, si siku ya hukumu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kimepanga hivi: mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha; wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20 jela; wa 16 hadi 18, si chini ya 15.

Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, la sivyo dawa za kuzuia HIV hazitafaa. Nguo za mtoto zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza. Polisi wakupe nambari ya OB (kitabu chao cha matukio) na fomu ya P3, ya ripoti ya uchunguzi wa kimatibabu, daktari aijaze.

Sasa umri. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kikikosekana, tafuta kadi ya kliniki au ya ubatizo, na mzazi awe tayari kueleza mahakamani mtoto alizaliwa lini. Tathmini ya daktari kwa meno au mifupa hutoa makadirio tu. Ikisema “miaka 15 hadi 17”, wakili wa mshtakiwa ataomba adhabu nafuu, na ana haki: shaka humfaidi mshtakiwa. Kinachoharibu zaidi ni karatasi zinazopingana. Mama akisema 13, P3 ikiandika 14, cheti kikionyesha 12, hapo wakili hatabanduka. Linganisha tarehe na majina kabla ya kutoa ushahidi.

Kisha soma hati ya mashtaka. Itaje kifungu cha 8(1), kinachotaja kosa, pamoja na kile cha adhabu: 8(2), 8(3) au 8(4) kulingana na umri. Ikiwa na kosa, mwambie mwendesha mashtaka mapema: hurekebishwa kabla upande wake haujafunga kesi.

Wazee wakija na mbuzi wa maridhiano, kesi haiishi hapo. Uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Siku ya adhabu, omba athari kwa mtoto zisikizwe. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2024, hakimu hawezi kushuka chini ya kiwango cha sheria. Muda wa rumande ukihesabiwa ndani ya kifungo, usidhani kuna hongo; sheria inaagiza hivyo. Mfungwa ana siku 14 za kukata rufaa, kwa hiyo usitupe karatasi yoyote: kesi inaweza kuagizwa isikizwe upya.