Jinsi ya kumjua mpishi wa mahamri na kuchagua hamri zuri

Nina miaka 18 kwenye karai la mahamri hapa Mombasa. Wateja wageni huniuliza wanunue wapi wakiwa mtaa mwingine. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Fika mapema. Unga hukandwa usiku kwa tui la nazi na hamira, karai likatelekwa alfajiri. Ukifika saa nne utapewa yaliyopoa, na hamri lililopoa huficha mengi.

Hatua ya 2: Nusa kabla ya kuuliza bei. Itangulie iliki, ifuate nazi. Ukipokewa na harufu ya mafuta, pita zako.

Hatua ya 3: Simama karibu na karai. Usiharakishe hapa. Mafuta yawe na rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi, yanafuka moshi au yana povu lisilotulia, yamekaangiwa siku nyingi. Kisha tazama kipande kinapotiwa: kizame kidogo, kiibuke upesi, na mpishi akimwagie mafuta juu kwa upawa mpaka kifure kama mto. Kikikaa chini, moto hautoshi na kitakunywa mafuta. Kikigeuka rangi mara moja, ndani kitabaki kibichi.

Mwaka wangu wa kwanza, foleni ilikuwa ndefu, nikakaanga kabla mafuta hayajashika moto. Mama mmoja akanirudishia mahamri yake yote sita, hakusema neno. Tangu siku ile hutia kwanza kipande kidogo cha unga, nikakisubiri kiibuke.

Hatua ya 4: Angalia yanapowekwa. Yachujwe mafuta kwenye waya au chujio. Yakirundikwa beseni na kufunikwa yakiwa ya moto, mvuke huyalegeza. Yakilazwa juu ya gazeti, wino huhamia kwenye chakula.

Hatua ya 5: Chagua lako. Usidanganywe na ukubwa. Hamri zuri ni jepesi kuliko linavyoonekana, na pande zote mbili zina rangi moja. Nunua mawili tu kwanza, upasue moja. Ndani ukute uwazi kama mfuko, kuta laini zenye vitundu, na chembe nyeusi za iliki iliyotwangwa. Likinuka uchachu, unga uliumuka kupita kiasi. Likiwa limejaa ndani kama keki, huenda umeuziwa andazi la baking pauda. Andazi lina utamu wake, lakini si hamri, ambalo huumuliwa kwa hamira.

La pili lijaze mbaazi za nazi, nzito, ulile pale pale. Lisipovuja, agiza ya nyumbani, na uombe mfuko wa karatasi, mdomo uachwe wazi mpaka yapoe.