Kabla ya Kuhamia Lushoto: Namna ya Kupiga Hesabu ya Maisha ya Mji Mdogo

Mtu anayefikiria kuhama Dar es Salaam na kwenda kuishi Lushoto kwa kawaida huanza kwa kuuliza kodi ya nyumba. Akishatajiwa kiasi, akakilinganisha na anacholipa Tabata au Kimara, huona kwamba mambo yamekwisha na kilichobaki ni kutafuta gari la kubebea mizigo. Mimi nami nilianza hivyo, na ulipita mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba kodi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika hesabu hii. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuifanya hesabu yenyewe ukiwa bado hujaacha kazi wala hujafunga virago.

Anza na barabara. Lushoto iko katika Milima ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia kuu ya kuifikia ni ile ya lami inayochepuka pale Mombo kwenye barabara kuu ya Arusha, ikapanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 33. Ukiielewa barabara hii umeelewa sehemu kubwa ya bei za mji. Kabichi, karoti, viazi mviringo, pilipili hoho, maharage na matunda kama plamsi na peasi hulimwa huku juu na kuteremshwa kwenda Tanga na Dar es Salaam, kwa hiyo hapa utavinunua kabla havijabebeshwa nauli. Mchele, samaki, nazi, sukari, mitungi ya gesi, saruji na dawa hupandishwa kutoka bondeni, na nauli ya kupanda mlima hulipwa na mnunuzi wa mwisho, ambaye ni wewe.

Chukua daftari, ukurasa mmoja uugawe sehemu mbili, kisha andika kila kitu ambacho nyumba yako ilitumia katika siku 30 zilizopita: upande mmoja vitu vinavyoteremka, upande wa pili vitu vinavyopanda. Usiandike unachodhani kwamba utakula ukifika Lushoto. Andika unachokula sasa, kwa sababu ulimi hauhami kwa urahisi kama makabati. Familia inayoishi kwa viazi, mboga za majani na maharage itaona nafuu tangu wiki ya kwanza. Familia ya pwani isiyoridhika bila wali wa nazi na samaki inaweza kukuta matumizi yake ya jikoni hayakupungua hata kidogo, na hilo si kosa la mji.

Unapokwenda kuulizia bei, nenda siku ya soko kubwa, na uende mara mbili, asubuhi na jioni, maana fungu la karoti la saa mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni si fungu moja hata kama bei ni ileile. Angalia pia kipimo. Wapo wanaouza kwa fungu, wapo wanaouza kwa sado, yaani kopo la kupimia, na sado iliyojazwa hadi ikaweka kilima haiwezi kulinganishwa na iliyosawazishwa kwa kiganja. Njia ya uhakika ni kununua, kwenda kupima kwenye mzani wa duka lolote, na kuandika bei ya kilo moja. Bila kufanya hivyo utakuwa unalinganisha majina ya vipimo tu.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhesabu kwa mwaka na si kwa mwezi. Mjini Dar es Salaam gharama nyingi humfikia mtu kidogo kidogo kila siku: nauli ya daladala, chakula cha mchana, maji. Katika mji mdogo siku nyingi hupita bila kutoa fedha ya maana, kisha linakuja jambo moja linalomeza akiba ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Kuna safari za kuteremka Tanga kufuatilia jambo ambalo halikuwezekana kumalizwa wilayani, na safari hizo huja na malazi na chakula cha njiani. Kuna misiba na harusi, ambako katika mji ambao watu wanafahamiana kwa majina huwezi kukwepa mchango, na si vizuri kuukwepa, kwa kuwa watu haohao ndio watakaokuja kukaa nawe siku yako ikifika. Kwa hiyo chora jedwali la miezi 12 na uweke kila gharama katika mwezi wake.

Mwezi wa Julai uwekee mstari wake peke yake. Baridi ya Lushoto kati ya Juni na Agosti haihitaji tu sweta na mablanketi mazito. Inabadilisha kazi za nyumbani. Ukungu unaposhuka, shati la shule lililofuliwa Jumamosi linaweza kuwa bado na unyevu kwenye kola na mikono Jumatatu asubuhi, na mama mwenye watoto watatu hulazimika kulikausha kwa pasi huku gari la shule likisubiri. Ndiyo maana huku mtoto anahitaji sare tatu pale ambapo Dar es Salaam alitosheka na mbili. Ni gharama ndogo, lakini hakuna dalali atakayekutajia.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayofanya umeme uhitaji hesabu ya makini. Kwa mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, shirika la umeme, uniti (yaani kilowati moja inayotumika kwa saa moja) 75 za mwanzo kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Sasa fikiria hita ya maji ya kuogea bafuni yenye nguvu ya kilowati 5. Familia ikiitumia jumla ya nusu saa kwa siku, inakula uniti mbili na nusu, na kwa siku 30 ni uniti 75 kamili, yaani fungu lote la bei nafuu limeishia bafuni kabla hujawasha taa. Kuchemsha maji kwa gesi au kwa jiko la kuni huku nyuma kunabadilisha hesabu hiyo kabisa, ila gesi nayo ni miongoni mwa vitu vinavyopanda mlima.

Uliza kwa mkazo kama mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumia, ni yako peke yako. Familia mbili zinazotumia uniti 60 kila moja, zikiwa na mita mbili, hulipa jumla ya shilingi 12,000. Zikichangia mita moja zinafikisha uniti 120: uniti 75 kwa shilingi 7,500 na zilizobaki 45 kwa shilingi 15,750, jumla shilingi 23,250, karibu maradufu kwa umeme uleule. Nyumba yenye kodi ya chini lakini mita ya kuchangia huenda ndiyo ya ghali. Pia ukumbuke kodi ya jengo inayokatwa unaponunua umeme, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni wajibu wa mwenye nyumba, hivyo mkubaliane mapema, kwa maandishi, namna itakavyopunguzwa kwenye kodi yako ya pango.

Ubora wa maisha nao unapimika, kama utakubali kuupima kwa dakika. Kwa wiki moja ukiwa bado unaishi Dar es Salaam, andika muda unaotumia kati ya kutoka nyumbani na kufika kazini, na muda wa kurudi. Kisha ukiwa Lushoto tembea kwa miguu kutoka kwenye nyumba unayoifikiria hadi sokoni, shuleni, kituo cha mabasi na hospitali ya wilaya, uandike dakika za kushuka na dakika za kupanda, kwa sababu mlimani hazilingani. Mimi nilipata karibu saa tatu kwa siku ambazo awali zilikuwa zikiishia kwenye foleni. Saa hizo ndizo zilizoniwezesha kukaa na wanangu wakati wa kazi zao za shule, na ndizo zinazonifanya niseme bila kusita kwamba nilifanya vyema kuhama.

Hata hivyo, kuna kipimo kimoja ambacho hakiruhusu mapenzi ya mandhari, nacho ni afya. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa figo, mjamzito mwenye historia ya matatizo, au mzee anayehitaji daktari bingwa kila mwezi, nenda hospitalini ana kwa ana ukaulize huduma gani zinatolewa na kwa zipi wagonjwa hupelekwa hospitali ya Bombo mjini Tanga au ya KCMC Moshi. Kisha weka nauli na siku za safari hizo kwenye jedwali lako la miezi 12. Uliza pia kuhusu bima uliyonayo na duka la dawa lililo wazi saa tatu usiku. Majibu ya maswali haya yanaweza kubatilisha uamuzi wote, na ni bora yaubatilishe sasa.

Kabla ya kulipa kodi, ishi mjini kwa wiki mbili, na usichague Desemba wakati matunda yamejaa na wenyeji wamerudi nyumbani kwa sikukuu. Chagua mwisho wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Katika mwaka wangu wa kwanza kifusi kiliangukia barabara ya Mombo mwezi huo, na kwa siku chache tuliona wazi jinsi mji unavyoning'inia kwenye uzi mmoja: kabichi zilirundikana sokoni zikikosa wanunuzi, na mitungi ya gesi ikaadimika madukani. Tangu hapo nyumbani kwangu huwa na mtungi wa pili uliojaa kuanzia Machi.

Kuhusu kununua kiwanja, subiri. Kaa kwanza kwenye nyumba ya kupanga kwa mwaka mmoja, ufahamike kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa majirani, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi huku ni ya koo, na muuzaji mmoja mwenye haraka anaweza kuwa na kaka na shangazi ambao hawajaulizwa. Ukipata eneo ambalo ukoo wote umeridhia na ofisi ya kijiji inalitambua, rudi kulitazama mvua ikinyesha. Simama juu ya mteremko na uangalie maji yanapita wapi.