Somo: Kulenga dishi la digrii 7 mashariki ukiwa Kisumu, na kujua umekamata setilaiti gani

Maelekezo mengi ya kulenga dishi yameandikiwa watu walio mbali na ikweta. Ukiyafuata hapa Kisumu utashinda juu ya mabati bure. Setilaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, nasi tuko karibu chini yake. Kwetu zimekaa kwenye mstari mmoja: mashariki, utosini, magharibi. Usihangaike na kaskazini wala kusini.

Mfano wangu ni setilaiti ya Eutelsat ya digrii 7 mashariki, inayobeba chaneli za Azam TV. Digrii hizo ni za longitudo; Kisumu iko karibu digrii 35 mashariki, kwa hiyo kwetu setilaiti hiyo iko upande wa magharibi.

1. Simamisha paipu wima, ulipime kwa timazi pande mbili. Likiinama, namba za mwinuko (pembe ya dishi kutazama juu) zitakudanganya.

2. Tafuta magharibi. Dira ya simu huchanganywa na mabati, kwa hiyo pima ukiwa uwanjani, chagua mti au nguzo iliyo upande huo, ndipo upande juu ya paa.

3. Weka mwinuko digrii 57 na nusu hivi. Nakuru ni 56.

4. Zungusha LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) robo duara kutoka pale kiwanda kilipoiweka. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiwa kwenye ikweta ukitazama magharibi, mawimbi ya mlalo hukufikia yakiwa wima, na ya wima yakiwa mlalo. Usipoizungusha, dekoda itaomba mlalo ipewe wima.

5. Zima dekoda kabla ya kufunga waya, kisha iwashe na utazame kipimo cha ubora. Kile cha nguvu hupanda hata dishi likitazama ukuta. Sogeza dishi kiasi cha upana wa ukucha, tulia sekunde chache dekoda ipate nafasi ya kushika, sogeza tena. Ubora ukipanda, endelea hadi uanze kushuka, tia alama kwenye paipu kwa kalamu. Rudi upande wa pili, tia alama nyingine. Funga katikati ya alama hizo. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, maana kukaza upande mmoja huvuta dishi.

Maswali ya wanachama

Kakamega: Fundi, nguvu imejaa, ubora sifuri. Nikitumia risiva huria (isiyofungwa na kampuni moja) kutafuta chaneli zote, zinakuja nisizozijua.

Jibu: Ndugu, umekamata setilaiti jirani. Soma jina la mtandao kwenye maelezo ya chaneli, au linganisha majina ya chaneli na orodha ya kila setilaiti iliyo mtandaoni. Mara nyingi huwa ni SES-5, iliyo karibu digrii 5 mashariki. Kwetu iko chini kidogo ya ile ya 7, kwa hiyo inua dishi digrii mbili na ushei. Usiliguse kushoto wala kulia.

Nakuru: Dishi la DStv la jirani linatazama juu kabisa. Limelegea?

Jibu: Hapana, dada. Setilaiti yake iko digrii 36 mashariki, na Nakuru iko kwenye digrii hizo hizo, kwa hiyo iko utosini mwenu. Mwambie tu aondoe majani yanayojikusanya ndani.

Bungoma: Mvua ikinyesha picha inakatika.

Jibu: Mvua kubwa ya radi hukata picha kwa kila mtu, mzee wangu. Manyunyu yakikata, rudia hatua ya 5 na uchungulie konekta: uzi mmoja wa ile nyavu ya nje ya kebo ukigusa waya wa kati, umeme hauifikii LNB.