Somo: Basi na kizidishi, kabla hujaongeza kasi ya prosesa yako

Wakuu, salaam. Wengi wanaotaka kuovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, wanauliza, "Nifikishe gigahezi ngapi?" Kabla ya hapo kuna swali kubwa zaidi: hizo gigahezi zinatoka wapi?

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili. Moja ni kasi ya basi, yaani mapigo ya msingi yanayotoka kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Nyingine ni kizidishi, ambacho kimo ndani ya prosesa yenyewe. Chukua prosesa ya Intel, Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007: basi 266 MHz, kizidishi 9, unapata 2.4 GHz. Kwenye boksi iliandikwa 1066, na hapo ndipo watu hupotea. Ile 1066 ni 266 mara nne, kwa sababu data inapita mara nne kwa kila pigo. Usiiingize kwenye hesabu ya prosesa.

Kizidishi cha Q6600 kinashuka lakini hakivuki 9. Ukitaka kasi, lazima upandishe basi: 333 × 9 ni 3.0 GHz. Lakini hata 375 × 8 ni 3.0 GHz. Tofauti iko kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), maana RAM inafuata basi. RAM ya DDR2-800 mapigo yake halisi ni 400, kwa kuwa data inapita mara mbili kwa kila pigo. Kwa uwiano wa moja kwa moja, basi la 333 linaiendesha kama 667, la 375 kama 750. Ukienda 400 × 8 unapata 3.2 GHz na RAM iko palepale ilipotengenezewa. Hesabu kama hii ifanye kwenye karatasi kabla hujagusa BIOS, yaani mipangilio ya madabodi unayoingia mashine inapowaka.

Mwaka 2011 kizazi cha prosesa za Intel kiitwacho Sandy Bridge kilibadilisha mchezo. Basi likawa 100 MHz, na mapigo hayohayo yakafungwa pamoja na PCIe (njia ya kadi kama ya picha) na SATA (njia ya diski). Ukilisukuma kupita asilimia chache tu, mashine inayumba na data kwenye diski inaweza kuharibika. Kwa hiyo hapo tunapandisha kizidishi. Core i5-2500K ni 100 × 33. Ukiweka 42 umefika 4.2 GHz, na basi hujaligusa.

HATUA YA 1: Jua ulichonacho. Fungua CPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za prosesa), soma jina la prosesa, kisha jina la chipseti, yaani chipu inayoongoza madabodi, kwenye ukurasa wa madabodi. Kwa Intel unatafuta herufi K mwishoni mwa jina, maana yake kizidishi kimefunguliwa, pamoja na chipseti inayoruhusu, kama P67 au zile za Z. Kwa Ryzen (prosesa za AMD) za mezani karibu zote ziko wazi, ila madabodi ya A320 hairuhusu; B350 na X370 zinaruhusu. Sasa, mashine nyingi tunazonunua Kariakoo ni zilizotoka maofisini Ulaya, mfano OptiPlex 7010 yenye i5-3470. Hiyo haina K, na BIOS yake haina hata mahali pa kubadili kizidishi. Usihangaike nayo. Pesa ya kipoza kipya nunulia SSD, utaona tofauti kubwa zaidi.

HATUA YA 2: Joto. Maelekezo mengi ya wenzetu yanapimwa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba cha Dar mwezi wa pili bila kiyoyozi kinagusa 31 au 32, na nyuzi hizo kumi zinahamia zote kwenye prosesa. Kama aliyeandika maelekezo hayo alipata 72, wewe tegemea 82. Safisha vumbi, badilisha pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipoza, na usiweke kesi ndani ya kabati la meza.

HATUA YA 3: Panda kizidishi kimoja kimoja. Baada ya kila ngazi, endesha Prime95 (programu ya kuipa prosesa kazi nzito ili kuijaribu) huku ukitazama joto. Mimi ikivuka 85 nasimama, hata kama mashine bado inavumilia.

HATUA YA 4: Volti, na hii iwe ya mwisho. Joto linapanda sambamba na kasi ya prosesa, na kwa volti mara volti. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, joto linalozalishwa linaongezeka kama asilimia 33. Ndiyo maana naidharau ile ngazi ya mwisho ya 100 MHz ambayo watu wanaililia.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu, nina 2500K lakini CPU-Z inaniandikia 1.6 GHz. Nimepigwa?
Jibu: Hujapigwa. Mashine ikiwa haina kazi hushusha kizidishi hadi 16 ili kuokoa umeme. Ipe kazi nzito, kitapanda chenyewe.

Mdau wa Mbagala: Nimeweka kizidishi kikubwa, sasa skrini nyeusi, haiwaki kabisa.
Jibu: Pole kaka. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032 kwenye madabodi, subiri dakika chache, irudishe. BIOS itarudi ilivyotoka kiwandani.

Dada wa Sinza: Kwetu umeme unakatika ovyo. Hiyo itaua prosesa iliyoongezwa kasi?
Jibu: Dada, mwenye hatari zaidi hapo ni pawa saplai na data yako. UPS inasaidia, ila kumbuka prosesa iliyoongezwa kasi inakula umeme mwingi, hivyo betri ya UPS itadumu muda mfupi kuliko zamani. Pima ukiwa unaendesha Prime95, usipime mashine ikiwa imetulia.

Mdau wa Kigamboni: Mashine inapita Prime95 vizuri lakini gemu zinajifunga. Nina Q6600, basi 400, kizidishi 8.
Jibu: Hapo nashuku RAM. Rudisha basi 333 na kizidishi 9, halafu cheza gemu lilelile. Likitulia, endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) ukiwa kwenye 400. Makosa yakitokea, hiyo RAM haiwezi 800 ingawa lebo inasema hivyo. Baki na 3.0 GHz.