Kufufua boti ya faiba iliyotumika na trela lake, nyumbani Kigoma

Somo hili ni la aliyenunua boti ya faiba ya futi 16 hadi 20 yenye mashine ya nje ya HP 25 au 40, imekaa juani miaka kadhaa na trela limeshika kutu. Fuata mpangilio huu: trela, ubao wa nyuma (unaofungiwa mashine), faiba ya chini, mashine, mwisho rangi. Wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana, halafu boti ikishashuka ziwani, ufukwe wa Kibirizi, mashine inaanza kucheza kwenye ubao uliooza na rangi yote inapasuka.

Kazi ya faiba ipangie kiangazi, Juni hadi Agosti. Masika resini (gundi ya maji inayogandisha faiba) hushika unyevu na haikauki inavyotakiwa.

Hatua ya 1: Trela

Boti italala juu ya trela muda wote wa kazi, kwa hiyo trela likae sawa kwanza. Piga jeki, toa tairi, zungusha habu (kitovu cha gurudumu) kwa mkono. Ikikwaruza, au ukiitikisa juu na chini ikacheza, fungua. Beringi za trela ni mbili kila upande, ndogo nje na kubwa ndani, na namba imechongwa pembeni ya chuma chake. Nenda dukani na namba hiyo, usiende na makisio. L44649, kwa mfano, huingia kwenye spindo (ncha ya ekseli) ya inchi 1 na 1/16. Ya inchi 1 kamili ina namba yake nyingine, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Badilisha beringi pamoja na kikombe chake (ringi ya nje inamolalia) na oilsili. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani hailali vizuri, inakufa mapema.

Jaza grisi ya baharini kwa kiganja: sukuma upande mpana wa beringi kwenye grisi mpaka itokee upande wa pili kati ya rola. Rudisha habu, kaza nati huku ukiizungusha mpaka iwe nzito, kisha ilegeze kidogo, kati ya robo na nusu ya robo ya mzunguko, uweke spliti pini mpya. Habu izunguke kwa uhuru bila kucheza.

Tairi zisikudanganye kwa kashata. Tazama ubavuni: ukiona nyufa, tupa. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya trela huzeeka ikiwa imesimama.

Sehemu inayosahaulika ni mbao za kulalia boti. Ncha zake za nyuma lazima zifike chini kabisa ya ubao wa nyuma. Zikiishia nusu mita kabla, uzito wa mashine unaning'inia hewani na sakafu ya boti inapinda taratibu. Boti iliyopinda hivyo haiinuki vizuri majini, pua inabaki chini hata ufungue mafuta yote, na mwenye boti anabaki kuilaumu mashine. Tumia mninga wa inchi 2 kwa 4, uzungushie zulia, vichwa vya bolti vizame ndani ya mbao.

Uzito unaolemea pua ya trela, inapofungwa kwenye gari, uwe asilimia 5 hadi 10 ya mzigo wote. Boti, mashine na trela vikiwa kilo 700, puani pawe na kilo 35 hadi 70. Mizani ya magunia inatosha kupimia. Ukipungua hapo, trela litacheza mkia nyuma ya gari. Sogeza boti mbele.

Hatua ya 2: Ubao wa nyuma

Hapa ndipo boti nyingi zilipofia. Ndani ya faiba ya nyuma kuna plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti za mashine yaliyoachwa bila kuzibwa. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia juu kwenda chini: pazima hulia kavu, palipooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha toboa kwa drili ya milimita 5 upande wa ndani, sentimita 10 kutoka chini. Unga mkavu wa rangi ya mbao, salama. Ukitoka mweusi umelowa, ubao wote unatoka. Kumwagia resini kwenye tundu ili igandishe uozo ni kupoteza hela: resini haipenyi mbao iliyolowa.

Kata faiba ya ndani kwa grenda, acha ukingo wa sentimita 8 pande zote, ubakize ganda la nje likiwa zima. Ng'oa plaiwudi kwa tindo. Ganda likauke, na ulijaribu hivi: bandika nailoni ya sentimita 30 kwa 30 kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache usiku. Asubuhi ukiona jasho ndani ya nailoni, subiri.

Plaiwudi mpya ni vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja, jumla milimita 36, isipokuwa kama ya zamani ilikuwa nene zaidi. Pima kabla ya kutupa. Pima na urefu pia: mashine ya shafti fupi inataka ubao wa sentimita 38, ndefu sentimita 51.

Ubao wa mita 1.5 kwa nusu mita ni mita za mraba 0.75. Mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka nne, ni kilo 1.35, na resini ni mara mbili na nusu ya uzito wa mati, yaani karibu kilo 3.4. Nunua kilo 5, kwa sababu plaiwudi yenyewe lazima inyweshwe resini kwanza, hasa kwenye kingo.

Hadna (kigandishi cha resini) ni mililita 10 kwa kilo moja ya resini kwa joto la mchana wa Kigoma. Ukiona inaganda haraka usipunguze hadna chini ya hapo, maana haitakauka kamwe. Anza kazi alfajiri na changanya nusu kilo nusu kilo. Tabaka tatu au nne kwa siku zinatosha, ukizidisha joto linapasua faiba.

Ukiuziwa kobalti (kichapuzi cha resini) kwenye chupa peke yake, iweke kwenye resini kwanza, koroga mpaka ipotee, ndipo utie hadna. Kobalti na hadna zisikutane zenyewe kwa zenyewe. Hulipuka. Usitumie kikombe kimoja kupimia zote mbili, na vaa miwani: tone la hadna jichoni linapofua.

Matundu ya bolti toboa makubwa kuliko bolti, jaza resini iliyochanganywa na unga wa faiba, ikikauka toboa tena kwa kipimo sahihi. Bolti ziwe za stenlesi, zizibwe kwa gundi ya poliyurethani ya baharini. Silikoni ya madirisha haifai hapa.

Hatua ya 3: Faiba ya chini

Ufa usiufukie kwa pati. Piga msasa mpaka ufike faiba nzima, ukipunguza unene taratibu kwa uwiano wa 12 kwa 1: ganda la milimita 6 linataka mteremko wa sentimita 7 kila upande. Futa kwa asetoni, jaza tabaka kwa tabaka. Mati ya gramu 450 hukupa karibu milimita moja.

Ukikuta malengelenge chini ya maji, usishangae eti ziwa halina chumvi. Maji baridi huleta malengelenge kuliko ya bahari. Yapasue, osha kwa maji safi, kausha wiki kadhaa kabla ya kuziba.

Hatua ya 4: Mashine

Usiiwashe hata sekunde kumi bila maji. Badilisha impela ya pampu ya maji kwanza, kwa sababu mpira uliokaa miaka umeshapinda upande mmoja. Unapoiingiza, zungusha shafti kwa mwelekeo wa saa ili mapanga yalale sawa. Kisha zamisha mguu kwenye pipa, maji yapite juu ya bamba lililo juu ya propela.

Mafuta ya gia yajazwe kupitia tundu la chini mpaka yatokee la juu. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani. Vioshea vya skrubu za matundu hayo viwe vipya.

Mashine ya mipigo miwili isiyo na tangi la oili hutaka lita 1 ya oili ya TC-W3 kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Ukibadilisha pistoni au ringi, saa 10 za kwanza weka maradufu. Oili ya pikipiki isitumike, mashine ya boti inafanya kazi kwenye ubaridi tofauti.

Boti iliyotoka Dar es Salaam au Tanga itakuwa na zinki, kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine. Kwenye Tanganyika zinki hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi. Weka ya magnesiamu. Siku ukiirudisha pwani, itoe, maana kwenye chumvi itaisha upesi.

Hatua ya 5: Rangi na majaribio

Rangi ni msasa namba 180 kisha 320, praima, makoti mawili. Hapana siri hapo. Kabla ya kushuka ziwani mimina lita 100 za maji ndani ya boti ikiwa juu ya trela, saa moja, upite chini na tochi. Ukaguzi na usajili wa chombo ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Nenda kabla hujafunga viti, wakitaka marekebisho iwe rahisi.

MASWALI NA MAJIBU

Ujiji: Shikamoo fundi. Mninga si mgumu kuliko plaiwudi? Kwa nini nisiutumie nyuma?
Marahaba. Mgumu ndiyo, lakini ubao mzima huvimba na kusinyaa kwa upana, na faiba haiufuati. Utapasua. Plaiwudi tabaka zake zinashikana kinyume. Ukiwa na shaka na plaiwudi ya dukani, chemsha kipande kwa saa moja. Tabaka zikiachana, irudishe.

Katonga: Resini yangu ina siku mbili, bado inanata.
Bonyeza kwa ukucha. Kama imekauka chini na inanata juu tu, ni kawaida kwa resini isiyo na nta. Futa asetoni, endelea na tabaka la mwisho lenye nta, au lifunike nailoni. Kama ukucha unazama, hadna ilipungua. Kwangua yote, hakuna dawa ya kupaka juu.

Kibirizi: Mafuta ya gia yametoka kama maziwa.
Maji yameingia. Toa propela kwanza: mara nyingi kuna uzi wa nyavu umejiviringisha kwenye shafti na kukata sili. Badilisha sili, usibadilishe mafuta tu.

Tabora: Mkuu, boti natengenezea huku, nitaivuta mpaka Kigoma. Nizingatie nini?
Simama baada ya kilomita 30 za kwanza ushike habu. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, nati imekazwa mno au grisi haitoshi. Mashine iegemezwe kwa gogo au chuma kutoka mguu wake hadi fremu ya trela, vinginevyo kila tuta linavuta ubao wako mpya. Ukifika, usilitumbukize trela majini papo hapo. Habu ya moto ikipoa ghafla hunyonya maji kupitia sili. Ngoja ipoe, nusu saa au zaidi.

Gungu: Mashine inavuta lakini haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu.
Ziwa liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na nguvu hupungua kwa asilimia 8 hivi. Propela iliyochaguliwa pwani ni nzito kwako. Punguza pichi (umbali ambao propela husonga kwa mzunguko mmoja) kwa inchi moja, utaongeza kama mizunguko 200 kwa dakika. Kabla ya kununua, hakikisha boti haijabeba maji kwenye povu lililo chini ya sakafu.

Mwandiga: Nimepata boti ya jeti, haina propela. Hatua ni hizi hizi?
Trela, ubao na faiba ndiyo. Tofauti ni pampu: angalia nafasi kati ya impela na ringi inayoizunguka, ikizidi milimita moja boti itanguruma bila kwenda. Mchanga wa ufukweni ndio unaoila, kwa hiyo usiwashe kwenye maji yasiyofika magoti. Na ujue jeti hula karibu theluthi moja ya nguvu. Mashine ya HP 40 itakusukuma kama ya 27 au 28.