Mpiga matarumbeta, anza hivi kumsikiliza Ernest Ansermet

Kazi yangu ni tromboni, nyuma ya pikapu, karibu kila Jumamosi mbele ya msafara wa bibi harusi. Kwa hiyo ukiniuliza habari za Ernest Ansermet, yule kiongozi wa okestra wa Uswisi, sikuanzishii na cheti cha kuzaliwa. Subiri bando la usiku, fungua YouTube, andika L'Histoire du soldat, yaani hadithi ya askari. Chukua kipande cha kwanza tu, ile machi ya askari, yaani muziki wa gwaride. Tumia earphone, kwa sababu spika ya simu haitoi besi, na besi ndiyo tunayoitafuta.

Muziki ni wa Stravinsky, mtunzi Mrusi, lakini aliyeuongoza mara ya kwanza, mjini Lausanne tarehe 28 Septemba 1918, ni Ansermet. Hesabu wapigaji: fidla, besi ya nyuzi, klarineti, basuni, korneti, tromboni, na mmoja wa ngoma zote. Watu saba. Wanaenea kwenye pikapu yetu na nafasi ya kreti la soda inabaki. Walipanga kuzunguka nayo miji mingine, mafua makali ya mwaka ule yakavunja safari.

Sasa mkono wa kushoto upige paja mbili, mbili, kama konda anavyogonga bodi gari liondoke. Hiyo ni besi. Haibadiliki. Mkono wa kulia ufuate sauti za juu. Utakuta huko wanahesabu mbili, ghafla tatu, ghafla tatu za haraka, wala hawamngoji mwenye besi. Mkono wa kushoto utatamani kuwafuata. Ukatalie. Ukipotea rudi mwanzo, usidandie katikati. Mimi ilinichukua wiki tatu, siku nilizobahatika kupata kiti kwenye mwendokasi ya Kimara–Gerezani, abiria wakinitazama kama nimepandisha mashetani.

Nikajiona nimeiva. Tukaipiga kwenye send-off moja Sinza. Mwenye ngoma kubwa akaacha besi akakimbilia tarumbeta, tukawa bendi mbili juu ya gari moja, hadi MC akashika maiki: "Matarumbeta wapumzike kidogo." Kosa lilikuwa langu, niliwafundisha wote kwa mkupuo. Ngoma na besi wakae peke yao siku nzima kwanza. Tarumbeta waje kesho yake.

Ansermet hesabu hizi hazikumsumbua. Mzaliwa huyu wa Vevey, 1883, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla hajashika fimbo ya kuongozea. Ila usimdhanie mtu mkavu. Mwaka 1919 alikuwa London akasikia bendi ya watu weusi kutoka Marekani, akarudi akaandika makala nzima kuisifu, na mle ndani kijana mmoja mpiga klarineti, Ansermet akamwita msanii mwenye kipaji cha pekee, akasema jina lake hatalisahau: Sidney Bechet. Wakati ule wasomi wa muziki wa Ulaya walikuwa hawajaanza kuujali muziki wa namna hiyo. Kwa sisi tunaoitwa "wapiga kelele za harusi," hapo ndipo nilipompenda.

Ukimaliza machi, nenda Pacific 231, ambayo mtunzi Honegger alimtunukia Ansermet. Ni garimoshi la mvuke likiondoka. Sikio linaapa mwendo unaongezeka, kumbe mapigo yenyewe yanazidi kupungua kasi. Zinazofupishwa ni noti, ndani ya kila pigo zinaingia nyingi zaidi. Jaribu kwa ngoma: pigo moja, kisha gawa mbili, tatu, nne, huku mguu ukipunguza mwendo kidogo kidogo. Mjanja wa kuingiza maharusi ukumbini ataona faida yake.

Rekodi zake tafuta zile za kampuni ya Decca akiwa na Orchestre de la Suisse Romande ya Geneva, okestra aliyoianzisha 1918 na kuiongoza hadi 1967, miaka miwili kabla ya kufariki.

Kutunga alitunga kidogo. Lakini kama wewe ndiye unayewagawia wenzako sauti, usiiache Six épigraphes antiques. Debussy, mtunzi Mfaransa, aliiandika kwa piano moja ya watu wawili, Ansermet akaigawa kwa okestra. Sikiliza kwanza ya piano, shika kalamu, andika kila kifungu ungempa nani. Ndipo ufungue ya Ansermet ulinganishe. Karatasi yangu ya kwanza bado ninayo: kila penye utamu nimeandika tromboni.